Pete ya Mguu wa Kulia

Siku niliyokabidhi funguo za ghala la vyombo, mwenzetu mpya, binti mwenye diploma ya biolojia, aliniuliza kwa adabu nilikuwa nikifanya kazi gani hasa hapa kituoni. Nilimwambia nilikuwa nikiangalia ndege wakilea watoto wao. Akaitikia kwa kichwa, akasubiri nimalizie. Nilikuwa nimekwisha malizia. Baadaye wengine wenu mkaniomba niandike mambo yalivyokuwa, nami nimekubali, kwa sababu nyumbani hawataki tena kunisikiliza. Vyeo sitavitaja, vilikuwa vichache, na karibu vyote vilinikuta likizoni. Nitaeleza siku za mwanzo, vyombo tulivyotumia, mwalimu niliyempata, na kosa langu moja kubwa. Makosa madogo yangehitaji kitabu kizima.

Nilianza miaka michache kabla ya uhuru. Kituo kilikuwa pale pale kilipo leo, ukingoni mwa ziwa, na kilijengwa kwa ajili ya samaki. Lakini Daktari aliyekisimamia, mzungu mrefu ambaye pua yake haikupona jua hata siku moja, alikuwa mtu wa samaki kwa kuajiriwa tu. Moyoni alikuwa mtu wa ndege. Asubuhi alipima samaki. Alasiri alijifungia katika kibanda cha matete na kuangalia viota. Alitafuta msaidizi anayejua kuandika Kifaransa na kusoma saa. Kuandika nilijua. Kusoma saa nilijifunza wiki ile ile, na sikuona sababu ya kumsumbua kwa habari hiyo.

Aliyenifundisha kazi hakuwa Daktari, alikuwa Papa Baranyikwa. Huyu alikuwa msaidizi mkubwa, mtu wa Mutarule kule uwanda wa Ruzizi, mwenye Kirundi chake na rozari yake shingoni. Utotoni alikuwa amekaa misimu mingi katika mashamba ya mtama ya baba yake akifukuza ndege kwa kelele na mawe. Alisema kazi ya kituo ni ile ile, ila sasa unakaa kimya na mawe unayaacha chini. Alikuwa na tabia moja iliyonikera miaka yote: mara nyingi alikuambia la kufanya bila kukuambia kwa nini. Ukiuliza, alikutazama kidogo kisha akarudia maneno yale yale polepole, kana kwamba tatizo lilikuwa masikio yako.

Siku yangu ya kwanza alinikalisha mbele ya kiota cha nyamanza. Ninyi mnamjua, yule mdogo mweusi na mweupe anayetembea mchangani akitikisa mkia bila kuchoka. Kule uwandani hawamuui, wala hawavunji kiota chake. Akijenga kwako unamwacha mpaka amalize, na unafurahi. Hata sisi wa ziwani tuliolelewa na sabuni ya misheni hatukuthubutu kumgusa. Kwa sababu hiyo alijenga popote alipotaka: juu ya dari za ofisi, mapipani, ndani ya mashua. Daktari alimpenda kwa kuwa hakuhitaji kumtafuta msituni.

Basi nikapewa darubini, daftari na saa. Kazi ilikuwa kupiga mstari mmoja kila mzazi anapoleta chakula. Nilikaa asubuhi nzima bila kukohoa. Saa sita nilimkimbilia Papa Baranyikwa na habari kubwa: mama ana kichaa, anatoa mayai yake mwenyewe nje, moja baada ya jingine, meupe, anakwenda kuyatupa majini. Papa Baranyikwa aliniuliza kama makinda bado wamo ndani. Nikasema wamo. Akaniuliza kinda na yai vinakaaje pamoja wiki nzima. Ndipo akanieleza kwamba kinda hunya kifurushi cheupe kilichofungwa vizuri, na mzazi hukichukua kwa mdomo na kukitupa mbali ili kiota kisinuke wala nyoka asijue mahali. Daktari aliposikia alicheka mpaka akakaa chini, na kwa muda wa mwezi mmoja kila aliponipita alisema « bonjour, Monsieur l'œuf », yaani habari ya asubuhi, Bwana Yai.

Mengine niliyojifunza kwa Papa Baranyikwa bado nayatumia, hata kwa kuku wangu. Usiende kwenye kiota ukageuka na kurudi njia ile ile. Pita karibu, tazama, endelea mbele, maana paka hufuata nyayo za mtu na huishia pale zilipoishia. Ukimshika ndege kwa wavu, paka mikono yako vumbi kavu kwanza, jasho huharibu manyoya. Tazama mdomo kabla ya mkia. Na wakipandana, usifumbe macho, kwa sababu huo ndio ushahidi pekee kwamba huyu ni dume na yule ni jike; rangi zao karibu ni zile zile, na ukimwuliza hakujibu. Kwa hili la mwisho nilikuwa mwanafunzi mbaya. Nilikuwa mwimbaji wa kwaya, na nyamanza walipopandana mbele ya darubini yangu, niliishusha na kutazama ziwa. Kumbukeni hilo, tutalirudia.

Kabla hatujafika kwenye uhuru nitaje pia kinda wangu wa ajabu. Katika kiota kimoja juu ya ghala la nyavu alikuwamo kinda mmoja tu, na alinenepa upesi kuliko wote niliowahi kuwaona. Niliandika katika daftari kwamba hayo ni matunda ya wazazi wenye bidii. Nikampa jina. Nikamwambia Papa Baranyikwa aje aone mtoto aliyelelewa vizuri. Alikuja, akatazama, akasema niendelee. Niliendelea wiki mbili, mpaka mtoto akawa mkubwa kuliko mama na mama akawa anasimama mgongoni mwake ili amlishe. Alikuwa kekeo, yule ndege ambaye hajengi. Hutaga katika kiota cha mwenzake na kwenda zake, na kinda wake huwasukuma nje watoto wa mwenye nyumba. Papa Baranyikwa alijua tangu siku ya kwanza. Nilipomlaumu alisema kwamba angeniambia ningesahau kabla ya Jumapili, lakini sasa sitasahau. Ni kweli, sijasahau.

Uhuru ulitukuta tukiangalia viota, na kwa kweli nyamanza hawakubadilisha lolote. Watu walicheza barabarani siku tatu, nami nilicheza vibaya kama kawaida. Majuma machache baadaye Daktari aliondoka upande wa Burundi na sanduku moja. Alituachia darubini mbili, madaftari kabati zima, na mashua ya kituo yenye injini. Alitushika mikono, akasema tuendelee. Hakusema mpaka lini. Tuliendelea kwa miaka minne bila mtu yeyote kutuuliza tulichokuwa tukifanya, na nadhani hiyo ndiyo sababu tulikifanya vizuri.

Upungufu ulianzia kwenye pete. Zamani zilikuja kutoka Ulaya katika mikebe, za rangi sita, nawe ukamvika kila ndege rangi zake ukamjua kwa jina. Baada ya uhuru mkebe wa mwisho uliisha, na hakukuja mwingine. Papa Baranyikwa akachukua waya wa umeme wa jenereta, ambayo nayo ilikuwa imekufa, akauvua ngozi yake ya plastiki, akaikata vipande vidogo na kupasua kila kimoja upande mmoja. Zikawa pete nzuri, nyepesi, hazimuumizi ndege. Ila zote zilikuwa nyekundu, kwa kuwa waya ulikuwa mwekundu. Akaamua kwamba baba atavikwa mguu wa kulia na mama mguu wa kushoto, na hiyo ikawa sheria ya kituo.

Injini ya mashua ilikufa mwaka ule ule wa jenereta. Tuliivuta mashua mchangani, na haikupita wiki nyamanza wawili wakajenga ndani ya sanduku la injini, mahali pakavu ambapo paka hafiki. Papa Baranyikwa aliwachunguza siku kadhaa, akawanasa wote wawili, akawavika pete zao: baba kulia, mama kushoto. Ndio ndege wa mwisho aliowavika. Macho yake yalikuwa yameanza ukungu, na mwanawe alitaka arudi Mutarule. Siku ya kuondoka alinipa daftari jipya, akaniambia kwamba mashua ni yangu na kwamba kibanda cha matete nisikihamishe. Nikamwuliza kwa nini. Akasema, polepole, kibanda nisikihamishe.

Nilikihamisha siku ya tatu. Kibanda chake kilikuwa nyuma ya mashua, upande wa barabara, na jua la asubuhi, linaporuka ziwa, lilikuja moja kwa moja machoni. Mimi nikakijenga upande wa pili, ufukweni, ziwa mgongoni, kwenye upepo mzuri. Nilijiona fundi. Kutoka pale niliwaona nyamanza wangu vizuri ajabu: kila mmoja alipoleta chakula alitua kwanza ukingoni mwa mashua, akanielekea uso kwa uso, akatazama huku na huku kama ni salama, kisha akaingia. Hakuna aliyewahi kukaa kwenye kiti kizuri kama changu. Katika daftari niliandika P kwa baba na M kwa mama, kama Daktari alivyotufundisha kwa Kifaransa chake, pamoja na saa na dakika.

Walilea vizazi vitatu mfululizo katika sanduku lile, na matokeo yangu yalikuwa ya kushangaza. P alilala juu ya mayai muda mrefu kuliko M. P alileta chakula karibu mara mbili ya M. Hata uchafu wa makinda aliutoa P. Na M? M alisimama juu ya paa la ofisi akiimba. Haikuwahi kusikika kwamba jike wa nyamanza anaimba namna ile wakati mumewe anafagia nyumba. Nilianza kumwandikia Daktari barua ndefu ya kumjulisha ugunduzi huo. Bahati yangu posta ilikuwa imesimama. Kuhusu kupandana, ambako kungeniambia ukweli wote kwa nusu dakika, walipandana mbele yangu asubuhi nyingi, nami nikatazama ziwa.

Nyumbani kwetu Kimanga habari hiyo niliipeleka moto moto. Wakati huo tulikuwa na mtoto mmoja, Riziki, wa miaka minne, na mke wangu alikuwa na mimba ya pili. Kila jioni, akiwa anasonga ugali na Riziki ameshika kitenge chake, nilimweleza kutoka kitini jinsi baba wa nyamanza anavyotaabika. Nilisema kwamba kwa viumbe mzigo wa malezi uko kwa baba, wanadamu ndio wameharibika. Mama Riziki hakubishana. Alisema hayo ni ya ndege, akaniomba nimletee maji, na mara nyingi alikuwa amekwisha yaleta mwenyewe kabla sijasimama.

Kwao ni Lubarika, kule uwandani. Ilikuwa imekubaliwa kwamba atakwenda kujifungulia kwa mama yake, nami nitamsindikiza, kwa sababu njia ilianza kuwa na maneno. Tulisikia vijana wenye silaha wameonekana upande wa Ruzizi, wengine wakasema ni uvumi. Tulipanga kwenda Jumamosi. Ijumaa mayai ya kizazi cha nne yalianguliwa, nami nikamwomba tungoje kidogo, maana siku za kwanza za makinda ndizo ngumu. Akangoja. Wiki iliyofuata nikamwambia makinda wameota manyoya, kama siku sita zimebaki waruke, na kwamba sijawahi kukosa siku ya kuruka tangu niajiriwe. Nilisema hivyo kwa fahari. Alikuwa amekaa juu ya ndoo iliyoinamishwa, miguu imevimba.

Asubuhi ya pili alikuwa amefunga mizigo. Lori la mihogo lilikuwa likirudi uwandani, na jirani mmoja wa kike alikuwa anakwenda. Nilimsaidia kupanda, kisha nikampandisha Riziki. Niliahidi kwamba makinda wakiruka tu nitamfuata siku hiyo hiyo. Alinitazama kutoka juu ya magunia bila hasira, na ningependa angekuwa na hasira.

"Bakia na watoto ya ndege," akaniambia. "Minye niko naenda kuzaa wa kwako."

Siku mbili baadaye barabara ilifungwa, na siku ya tatu waasi waliingia mjini. Sitaeleza vita, wako wanaojua zaidi. Mimi niliyoyaona ni kwamba maduka yalifungwa, wenye ofisi walikimbia, na karibu kila mtu mwenye akili alipanda milimani au alijifungia ndani. Mimi nilikwenda kazini. Nilijiambia kwamba kwa kuwa njia ya Lubarika imefungwa, afadhali nimalize makinda. Ukweli ni kwamba nilikuwa ninaogopa, na katika kibanda kile niliogopa kidogo kuliko mahali pengine.

Walinikuta humo. Walikuwa vijana sita, walikuja kuchukua injini ya mashua. Waliona kibanda cha matete kinakohoa. Wakanitoa, na pamoja nami wakatoa darubini, saa, na daftari lenye kurasa tele za saa na dakika na herufi mbili. Niliwaambia injini imekufa, wakafungua sanduku wahakikishe, makinda wanne wakainua midomo. Mmoja wao, ambaye kwa kusema kwake nilijua ni mtu wa uwandani, alifunga lile sanduku polepole na kusema injini hiyo haiguswi. Hakuna aliyebisha. Ndege walisalimika palepale. Mimi nilifungwa mikono.

Walinifungia siku nne katika chumba cha nyumba iliyoachwa na mwenyewe, wakimngoja mkubwa wao. Hawakunipiga sana. Walinipa muhogo, wakaniambia bila ubaya kwamba wapelelezi wanapigwa risasi, ila lazima Kamanda asome kwanza. Siku ya pili nilihesabu kwa vidole nikaona makinda wangu wataruka siku hiyo. Niliona uchungu wa kukosa siku yangu ya kuruka. Ndipo nikahesabu jingine kwa vidole vile vile, miezi ya Mama Riziki, nikajua kwamba huenda na huko pia nimekwisha chelewa. Nilikuwa nimemwacha mmoja kwa ajili ya mwingine, na sasa nimewakosa wote. Nililia, mimi mtu mzima, na mlinzi mlangoni akajifanya hasikii.

Kamanda alifika siku ya nne. Alikuwa mtu mfupi, mtulivu, mwenye kalamu katika mfuko wa shati. Baadaye nilijua kwamba alikuwa amefundisha shule ya msingi kabla ya uasi. Alilisoma daftari ukurasa kwa ukurasa, kidole chini ya mstari.

"Saa kumi na mbili na dakika kumi, P anaingia," akasoma. "Dakika kumi na ine, M anatoka. P ni nani? M ni nani?"

Nikasema ni baba na mama. Akauliza baba na mama ya nani. Nikasema ya nyamanza. Vijana wakacheka, yeye hakucheka. Alisema kwamba mtu anayekaa na darubini mbele ya ziwa, akiandika nani anaingia na nani anatoka, vita ikiwa imefika mlangoni, ni mpelelezi au ni mwongo au ni mjinga, na kwamba ni wajibu wake kujua ni yupi. Nikamwambia kila ndege ana pete, baba mguu wa kulia, mama wa kushoto, na kwamba yeye mwenyewe anaweza kuona. Akafikiri. Kisha akasema twende.

Sanduku la injini lilikuwa tupu, makinda wameruka. Lakini nyamanza huwalisha watoto wao siku nyingi baada ya kuruka, na wale wanne walikuwapo mchangani wakilia njaa, wazazi wakipita ukingoni mwa mashua kama zamani. Kamanda aliniweka kibandani kwangu na darubini yangu, na mtu wa kunielekezea bunduki. Yeye alisimama na darubini ya pili, iliyotolewa ofisini, upande wa barabara, nyuma ya mashua, mahali ambapo Papa Baranyikwa alikuwa na kibanda chake. Ndege wa kwanza akatua.

Nikaita kwamba ni baba, pete iko kulia. Kamanda akajibu kutoka ng'ambo kwamba anaona kushoto. Akatua wa pili. Nikaita mama, kushoto. Akajibu kulia. Mara ya tatu tulipopishana, yule mwenye bunduki alisogea hatua moja karibu nami. Niliapa kwa jina la Mungu kwamba macho yangu ni mazima. Kamanda akazunguka mashua, akaja kusimama mbele yangu, karibu kabisa.

"Nyanyua mukono ya kuume," akasema.

Nikanyanyua mkono wangu wa kulia.

"Sasa gusa ya kwangu ya kuume."

Nikanyoosha kidole moja kwa moja mbele yangu, nikagusa mkono wake. Ulikuwa wa kushoto, saa yake iko pale pale juu yake. Niliutazama ule mkono kwa muda. Kisha nikatazama mashua, na kibanda changu kizuri chenye upepo, na ukingo ambapo kila ndege alisimama akinielekea uso, na mwaka mzima ukageuka kichwani mwangu. P alikuwa M. Aliyelala juu ya mayai, aliyeleta chakula, aliyetoa uchafu, alikuwa mama. Aliyekuwa juu ya paa akiimba alikuwa baba. Nilikaa chini mchangani nikashika kichwa, na bunduki niliisahau kabisa.

"Minye nilifundisha première primaire," Kamanda akawaambia vijana wake. "Kila mwaka watoto wanakosa hapo hapo. Lakini wao wako na miaka sita."

Kisha akanirudishia daftari. Alisema mpelelezi kama huyu adui mwenyewe angemrudisha. Darubini zote mbili alizichukua, saa pia, lakini aliandika karatasi ya kunipitisha barabarani mpaka Lubarika, kwa mwandiko mzuri wa mwalimu. Katika maisha yangu yote ya kazi hiyo ndiyo hati pekee inayothibitisha kiwango changu cha ujuzi, na bado ninayo.

Nilitembea siku mbili. Mama mkwe alinipokea mlangoni, akanitazama kutoka miguuni mpaka kichwani, akasema tu kwamba mwenzangu yuko ndani. Riziki alitazama nyuma yangu kama nimeleta ndege. Ndani, Mama Riziki alikuwa amekaa mkekani akinyonyesha mtoto wa kike. Nilikuwa nimeandaa maneno ya kuomba msamaha njia nzima, na yote yalipotea. Badala yake nilimweleza kukamatwa, na kibanda, na pete, na mkono wa Kamanda. Nikamwambia kwamba yote niliyokuwa nikimhubiria jioni yalikuwa kinyume. Kazi yote ilikuwa ya mama. Baba alikuwa akiimba.

Alimhamishia mtoto kwenye titi la pili bila haraka.

"Walikukamata na bunduki juu ya wewe ujue ile?" akasema. "Minye ningekuambia bure."

Kisha akanipa mtoto nimshike, akalala, na nadhani ndiyo mara ya kwanza alilala vizuri tangu lori lile. Nilimshika mpaka mikono ikafa ganzi, sikuthubutu kumweka chini.

Madaftari yale yako kabatini, rafu ya chini. Mkiyatumia, badilisheni P na M katika lile la mwisho la mashua. Mbele ya kila daftari lililofuata mtakuta nimechora ndege anayekutazama, na mguu wake wa kulia nimeutia wino mwekundu. Papa Baranyikwa nilikwenda kumweleza Mutarule mambo yalipotulia. Alisikiliza mpaka mwisho, akaniuliza kama sasa nimekirudisha kibanda mahali pake. Nilikuwa nimekirudisha. Jua la asubuhi linaumiza macho pale, mtazoea.

Mkitaka kujua makinda wale wanne waliruka saa ngapi, mstari wao mtaukuta mtupu. Mkitaka kujua binti yangu alikuwa na siku ngapi duniani kabla sijamwona, alikuwa na siku sita. Hiyo sikuiandika popote, na ndiyo hesabu pekee katika kazi yangu yote ambayo sijawahi kufungua daftari kuitafuta.